Kipuri Hakijafa Mpaka Kibadilishwe

Ndugu waombolezaji, na nyinyi wakuu wa kampuni mliokuja na shada kubwa kuliko jeneza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko, akaendelea hadi chuo kikuu, alikohitimu takwimu mwaka 1993, akiwa tayari na ile dharau yake iliyotukera nyumbani, ya kumtazama mtu aliyetamka “wastani” kana kwamba amepiga mbweu mbele ya wakwe.

Mwaka 1995 aliajiriwa na kampuni ya kuhudumia lifti, kazi yake ikiwa kukusanya muda ambao kila breki ilidumu kabla ya kufa, kisha kukadiria zilizobaki zitakufa lini, ili zibadilishwe mapema, watu wapande salama. Mwaka 1998 alimwoa wifi yangu huyu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, aliowafundisha kuhesabu kwa balbu zilizoungua.

Kisha akaletwa mkuu mpya, mtu wa suti, asiyejua breki wala aibu, akaagiza kwamba kipuri hakijafa mpaka kibadilishwe, hivyo breki iliyokatika Januari, ikangoja nyingine hadi Juni, ikaandikwa kwamba imeishi mpaka Juni, hesabu zikanenepa, wakubwa wakapigiana makofi, na breki zilizochoka zikaachwa zipitilize umri wao. Marehemu aliwaambia waziwazi kwamba wanahesabu maiti kuwa wazima, wakamcheka. Lifti moja ilipoporomoka na kumvunja fundi miguu, ripoti ilisema mwanatakwimu alikosea makadirio, wakamhamishia ghalani, na jina lake likapakwa matope. Hakukosea, alilishwa tarehe za uongo, na waliomlisha wamo humu, wamevaa miwani ya jua.

Moyo ulianza kumsumbua huko ghalani mwaka 2019, akalazwa mara mbili, akafariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, ambao waliandika saa ile ile aliyokata roho, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake waliothubutu kulia hadharani, na fundi yule, aliyefika kwa magongo kumzika mtu mnayedai ndiye aliyemvunja.

Wakuu wametuarifu kwamba nafasi ya marehemu bado haijajazwa, basi kwa hesabu yao kaka yangu yu hai, na atamsikia yeyote kati yao atakayesimama kusema hakukosea, kipaza sauti nakiacha wazi. Sisi tuliomwosha tunajua alikufa Jumanne.

Pumzika kwa amani, kaka, tarehe yako tumeiandika sawasawa.