Wanaostaafu Leo ni Wawili

Baada ya miaka ishirini ya utumishi katika Mgodi wa Mwabulima, Bwana Ignas Nkwabi, karani wa chumba cha taa na mwandishi wa hadithi za picha katika gazeti letu la *Taa ya Mgodi*, anastaafu leo, Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956. Kamati ya klabu ya wafanyakazi imenipa mimi, Donatus Mageni, mchoraji wa ramani za chini ya ardhi, kazi ya kuandika wasifu wake. Waliniomba niandike kwa furaha. Ningeweza, lau nisingesikia niliyoyasikia mwezi uliopita. Bado nimeduwaa, kwa hiyo mtanisamehe pale kalamu itakaporuka.

Bwana Ignas ni mtu wa upande wa Kagongwa. Alisoma kwa mapadre mpaka akajua kusoma, kuandika, na kuimba Kilatini asichokielewa. Mwaka 1936 alisikia kuwa Geita kuna kazi ya dhahabu, akaja, kipande kwa lori na kipande kwa miguu, akaandikwa kupakia mawe kwenye vigari. Nyapara wake hakuchelewa kugundua kwamba kijana huyu alikuwa hodari wa kusimulia kuliko kupakia. Vigari vilikuwa vinasubiri hadithi iishe. Akaondolewa shimoni, wala haikujulikana kama ni adhabu au heshima, akapelekwa chumba cha taa. Hapo kila anayeshuka huchukua taa yake, na kila anayepanda huirudisha. Taa ikichelewa kurudi, Bwana Ignas ndiye wa kwanza kujua kuwa chini kuna jambo.

Hatuwezi kumuaga bila kutaja baiskeli. Aliinunua Buseresere mwaka 1949, mpya, inang'aa, halafu akaja nayo kwa miguu njia nzima kwa sababu hakujua kuiendesha. Mwaka mzima akaitembeza kwenda kazini na kurudi kama mtu apelekaye ng'ombe mnadani. Mkewe, Paskalia, ambaye wengi tunamwita Mama Generosa, ndiye aliyejifunza kwanza. Hilo Bwana Ignas hapendi lisemwe, na mimi nimelisema.

Gazeti lilipoanza mwaka 1947, ofisi ya ustawi ilitaka kitu ambacho wachimbaji watakisoma. Matangazo ya kampuni yalikuwa yakifungiwa samaki. Ndipo Bwana Ignas akamleta Bundala, na mimi nikapewa kazi ya kumchora.

Hakuna mtu hapa anayehitaji kuambiwa Bundala ni nani, lakini karatasi hii huenda ikafika kwa wageni. Bundala ni mchimbaji mfupi, ana masikio makubwa kama mishikio ya sufuria, na mfuko wa suruali yake haukosi michembe, vile viazi vikavu vya kwetu. Hugombana na kofia yake ngumu kama mke na mume. Mvivu kidogo, mlalamishi sana. Ila ana kipaji kimoja: huusikia mwamba kabla haujaanguka. Kila mwezi, hadithi ikifika mahali pabaya, Bundala huinua sikio na kusema, "Mwamba unasema. Tutokeni." Na wenzake hutoka.

Bwana Ignas aliandika maneno zamu ikiwa chini, chumba kikiwa kimya, kwenye karatasi za ofisi. Karatasi hizo ziwekeni akilini. Mimi nilichora jioni. Gazeti likitoka, wanaojua kusoma waliwasomea wasiojua, na picha zikamaliza mengine. Wasukuma walisema Bundala ni wao. Mama mmoja alitoka Mwakitolyo kuja kuulizia kama ameoa, maana ana binti. Bwana Ignas alimjibu kwa adabu zote kwamba posa imekwisha pelekwa kwingine. Na Kondo, fundi wa boila, Mzaramo na mtani wetu sisi Wasukuma tangu enzi za misafara, hakupitisha mwezi bila kumtukana Bundala hadharani kwa ulafi wa michembe, kama mtani anavyotakiwa.

Sasa nianze yaliyotushangaza.

Kwanza ofisi ilimvisha Bundala buti. Sawa, buti ni kitu kizuri. Kisha asubuhi moja, baada ya kulalamikia ugali wa kambi kwa miaka miwili, tukamkuta gazetini anausifu kwamba ni mweupe na mtamu. Maneno ya kisanduku cha mwisho yalikuwa yamebadilishwa. Bwana Ignas alikuja ofisini kwangu, gazeti mkononi, macho yamemtoka. "Donatus," aliniuliza, "nani amemlisha huyu?"

Kisha tukamwona kwenye ukuta wa duka kule Buseresere, amebandikwa kwenye bango la sigara, anavuta! Bundala, ambaye kazi yake ni kufanya kazi karibu na baruti! Nilishika kichwa. Bwana Ignas aliigeuza baiskeli, wakati huo ameshajua kuipanda, akaisukuma mpaka nyumbani.

Alipokwenda kuuliza, ofisi ilimweleza kwa upole. Bundala alitungwa katika saa za kampuni, kwenye karatasi za kampuni, kwa hiyo ni mali ya kampuni kama sururu. Mhunzi aliyefua sururu haulizwi ipige mwamba upi. Bwana Ignas alijibu kwamba hajawahi kuona watu wakisubiri mwisho wa mwezi wajue sururu imefikia wapi. Walicheka wakampa mkono, mambo yakaendelea vilevile.

Septemba 1953 tulimpoteza Jilala, mchimbaji mwenzetu. Wote tunakumbuka. Alipanda juu katikati ya zamu kusema mwamba unalia na magogo ya kuegemeza hayajafika. Akaambiwa arudi. Alirudi. Taa yake haikurudi, na mpaka leo Bwana Ignas hajampa mtu mwingine nafasi ile ukutani.

Siku chache baada ya mazishi, Bwana Ustawi, ndivyo tulivyomwita mkuu mpya wa ofisi ya ustawi, alimwagiza Bwana Ignas aandike kifo cha Bundala. Bundala asikie mwamba, apuuze, aone uvivu kuweka magogo, aingie, afe. Liwe funzo kwa wazembe. Nilikuwepo, nimesimama na ramani zangu. Bwana Ignas, mtu ambaye hata mbwa hamfokei, alipaza sauti. Alisema Limi, mjane wa Jilala, yupo kambini na mtoto mgongoni. Atasomewa gazeti hilo kama anavyosomewa kila mwezi. Atasikia kwamba mumewe alikufa kwa ujinga wake. Alisema hataandika, wala mimi sitachora.

Tukadhani yamekwisha. Gazeti la Oktoba lilipotoka kwenye mashine kule Mwanza, Bwana Ignas alilifungua pale dirishani, zamu ya asubuhi imepanga foleni. Niliona uso wake ukibadilika, nikamnyang'anya. Bundala amelala chini ya mwamba. Mkono uliomchora sio wangu, masikio madogo kama ya mtu yeyote. Juu ya kichwa chake, maneno ya mzembe anayetubu. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: *Imeandikwa na Ignas Nkwabi*.

Bwana Ignas aliketi juu ya sanduku la taa. Kisha mtu mmoja kwenye foleni akavua kofia. Wakavua wote. Wakarudisha taa, moja moja, dirishani. Mgodini kwetu mwenzetu akifa zamu haishuki siku hiyo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mpaka mchana uani kwa Bwana Ignas kumejaa watu. Yeye ndiye baba wa marehemu, wangekwenda wapi pengine? Wanawake walileta unga na michembe. Mama Generosa alikaa mkekani na kanga kichwani, akipokea pole, huku akiniangalia kama aniulizaye tunamlilia nani hasa. Mimi mwenyewe sikujua. Nilijua tu kwamba nalia. Limi alikuja, akaketi karibu na mlango. Gazeti alikuwa amekwisha somewa.

Hapo akaingia Kondo na watani wenzake. Wasiojua desturi waelewe: msibani mtani ana ruhusa. Huiga marehemu, huvuruga, huzuia maiti isizikwe, na lolote asemalo hakuna wa kumkasirikia. Kondo alikuja amevaa kofia imeinama, masikio ameyaongeza kwa vipande vya boksi, michembe imetuna mfukoni. Watu walishtuka. Kisha kicheko kikawatoka hata waliokuwa wanalia. Akajilaza katikati ya uwanja.

"Nyie Wasukuma, kula michembe mnajua, kuzika hamjui!" alipiga kelele. "Maiti iko wapi? Mimi mtani wake, hazikwi mtu mpaka nimwone!"

Wakati huohuo Bwana Ustawi alifika, amekuja kujua kwa nini mgodi umesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Akamwita karani atafsiri, na karani ni nani kama si Bwana Ignas? Kondo aliinuka, akajipangusa vumbi, akamsogelea.

"Bwana Mkubwa, shikamoo. Wewe ndiye uliyetuletea habari za msiba. Tupe maiti."

Bwana Ignas alitafsiri. Bwana Ustawi alisema hakuna maiti, ni picha tu.

"Basi kama ni picha, mmeiua ya nini?" Kondo aligeuka kwetu. "Huyu mtani wangu ni mlafi, mvivu, na sura yake hata mbuzi anaikimbia. Lakini masikio anayo! Mwamba ukisema, anasikia. Kama kafia mle, basi alipanda juu, akasema, akarudishwa. Nani alimrudisha?"

Nilimtazama Bwana Ignas, nikadhani atalilainisha neno hilo, yeye ana mke na watoto na kazi moja tu. Hakulilainisha. Alilitafsiri lote, taratibu, kwa sauti ileile anayoitia majina ya zamu, na alipofika mwisho akalirudia swali. Bwana Ustawi akawa mwekundu. Akatazama huku na huku amwone mtu wa kumkaripia, lakini mbele yake alikuwepo mtu wa masikio ya boksi anayetafuna michembe. Akauliza kama huyu bwana ana wazimu. Bwana Ignas akamwambia hapana, ni mtani. Akaondoka.

Limi ndiye aliyesimama kwanza. Alimfuata Kondo, akachukua kipande cha michembe mfukoni mwake, akarudi kuketi akala. Basi, msiba ukavunjika.

Novemba Bundala alirudi gazetini na bandeji kichwani, kwa agizo la ofisi yenyewe. Kilichokuwa muhimu zaidi, magogo ya kuegemeza yalianza kushuka kabla ya watu. Bwana Ignas hakuongezwa mshahara tangu siku hiyo. Hajawahi kulizungumzia, nalizungumzia mimi.

Sasa habari za mwezi uliopita. Bwana Ignas aliandika hadithi yake ya mwisho: Bundala naye anastaafu, wanakwenda nyumbani pamoja. Mtu ameishi na mwenzake miaka tisa, ulitaka amwache? Hadithi ilirudi na mstari mwekundu toka pembe hadi pembe. Bundala habanduki. Maneno yake yatakuwa yakitoka ofisi kuu, mimi nitaendelea kuchora, na Bwana Ignas kuanzia leo haruhusiwi kuliandika jina hilo popote. Alipoambiwa aliuliza swali moja tu: watamwachia masikio yake?

Nilidhani baada ya ule msiba hakuna kitakachonishangaza tena. Nilijidanganya. Nililia njiani, mtu mzima, mchana kweupe. Siku iliyofuata nilikwenda kuwaambia kuwa mimi ni mchoraji wa ramani, na ramani nitazichora, lakini Bundala wamtafutie mkono mwingine. Mtakapomwona mtu wa jina hilo gazetini, mtazameni masikio kwanza.

Mtakumbuka niliwaomba muweke akilini habari za karatasi. Karatasi hii mnayoisoma imenunuliwa kwa michango yenu, imechapwa Jumapili iliyopita, na wino ni wangu. Hakuna saa ya kampuni humu wala ukurasa wa kampuni. Kwa hiyo hadithi iliyopigwa mstari mwekundu mtaikuta ukurasa wa nyuma, nzima, kwa maneno ya Bwana Ignas na kwa mkono wangu. Kwa wasiojua kusoma, wasomeeni hivi:

Picha ya kwanza, Bundala anarudisha taa dirishani, na karani anafunga dirisha na kutoka naye. Ya pili, Kondo amelala mbele ya lori, anakataa watani wake wasiondoke. Ya tatu, lori liko njia ya Kagongwa, baiskeli imefungwa juu, na wawili hao wamekaa nyuma wanagawana michembe, Mama Generosa katikati akiwakataza kugombana. Ya nne, Bundala amegeuka kuutazama mgodi mara ya mwisho, sikio juu, na anasema: "Mwamba ukisema, msinisubiri mimi."

Bwana Ignas, asante kwa kila taa uliyotupa na kila uliyoipokea. Asante kwa ile uliyoiachia nafasi yake ukutani. Mama Generosa, asante kwa kutupokea siku ile tulipokuja kulia kwako bila maiti. Na wewe Bundala, nenda salama na wenzako. Maisha yenu huko yawe mema, na mvua ziwakute mmeshapanda viazi.