Maziwa Niliyoyachemsha kwa Hofu

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii! Mimi ni Stefano, mwalimu wa shule yetu ya misheni hapa Kerege. Mmezoea kuniona nimesimama hapa nikiwasomea makosa yenu. Leo nimesimama kusema ya kwangu, na ninayotaka kuyasema yananiaibisha.

Mnaikumbuka masika ile, vita vilipokwisha na askari wetu wakaanza kurudi makwao. Mvua ilijaza visima matope, na ugonjwa wa kuhara ukaingia nyumba kwa nyumba. Mganga wa zahanati alikuja kutoka Bagamoyo, akaniagiza niwafundishe watu kuchemsha maji ya kunywa. Nami nikafundisha! Nilipita mlango kwa mlango nikikemea, na nikakemea hata nisichotumwa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kikwavi, Mama Naserian, mfugaji aliyekuwa akitoka porini upande wa Zinga kutuuzia vibuyu vya maziwa ya mgando. Siku moja nilikichukua kibuyu chake mbele ya wanafunzi, nikachungulia ndani, nikaona weusi wa mkaa. Nikawaambia watoto kwamba huo ndio uchafu unaoua watu. Sikumuuliza ule mkaa ni wa nini. Tangu siku ile mama zao wakaacha kununua, naye akawa anarudi porini vibuyu vimejaa.

Juma lililofuata tulimzika jirani yangu, mzee Kondo. Nilichimba kaburi pamoja na vijana, jua limetuchoma, na kata ya maji ya kisima ikapitishwa mkono kwa mkono. Mimi mwalimu wa kuchemsha maji nikanywa. Ndugu zangu, nikaomba na kata ya pili!

Kesho yake tumbo lilinishika. Siku nne sikujijua. Mke wangu Monika alininywesha maji ya dafu na uji wenye chumvi, mganga akaniletea dawa, na kuhara kule kukali kukakoma. Watu wakaja kunipa pole na kumshukuru Mungu. Wakaondoka wakijua nimepona.

Sikuwa nimepona. Homa ilikwisha, lakini tumbo halikurudi kuwa langu. Kila nilichokula kiligeuka gesi na msokoto, kisha mbio za chooni. Mganga alisema dawa yake imemaliza kazi, tumbo limechoka tu, nile kidogo kidogo mpaka litengemae. Lakini sikuweza, maana hofu ilikuwa imeniingia. Niliona kifo katika kila sahani. Nikisikia mwiko unagonga chungu, moyo ulianza kwenda mbio. Kwa amri yangu Monika alichemsha kila kitu: kijiko, papai, hata maji ya dafu nilimwambia ayachemshe! Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na nilimwona akizitazama mbavu zangu halafu akigeuka upesi.

Wiki ya tano nilikuwa nimefikia vijiko vitatu vya uji kwa siku nzima. Suruali niliifunga kwa kamba. Kuomba nilikuwa naomba, lakini hata katikati ya sala nilikuwa nikisikiliza tumbo. Mchana mmoja nilimwambia Monika kwamba mtoto akizaliwa ampeleke Lugoba kwa kaka yangu, alelewe huko. Akaweka chini mchi aliokuwa ameushika, akatoka.

Alikwenda kwa Mama Naserian. Wakarudi wote wawili. Nilimsikia mama yule uani akimwambia mke wangu kwamba kwao mtu aliyetoka kuhara hurudishiwa nguvu kwa mgando, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Akaacha kibuyu, akaenda zake.

Ndugu zangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa! Nilijua nilichomtendea mama yule. Nikasema moyoni, leo amepata nafasi ya kunilipa. Nikamwamuru Monika amimine maziwa yale chunguni na kuyachemsha mpaka yatokote. Yakakatika, mabonge chini na maji ya rangi ya majani juu. Nikayanywa hivyo siku tatu. Tumbo likabaki vilevile, nami nikamwambia mke wangu kwamba nilijua toka mwanzo, hakuna kitu humo.

Siku ya nne Mama Naserian alikuja kunijulia hali, akakikuta chungu kikiwa bado mekoni. Akachungulia ndani, akayaona mabonge. Kisha akaja akaketi kizingitini kwangu.

"Mwalimu," akasema, "umeyaogopa maziwa, au umeniogopa mimi?"

Ningeweza kusema uongo. Nguvu za kusema uongo nilikuwa nazo. Lakini nilimwona Monika amesimama nyuma yake, mkono tumboni, nikashindwa.

"Nimekuogopa wewe, mama," nikasema. "Nilikutukana mbele ya watoto."

Hakusema amenisamehe. Alinieleza tu kazi yake, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Maziwa mabichi huyachemsha kwanza. Yakishapoa huyatia maziwa kidogo yaliyoganda jana, na hayo ya jana ndiyo yanayoyagandisha mapya, kwa sababu yana uhai ndani yake. Uhai huo ndio unaolirudisha tumbo lililochoka. Na ule mkaa niliowaonyesha watoto ni wa kijinga cha moto, kile kijiti kilichoungua, wanachosugulia kibuyu ndani ili kisioze. "Ukiyachemsha yakiwa yamekwisha kuganda," akasema, "unayaua. Siku tatu umekunywa maiti."

Akanimiminia kikombe. Akaonja yeye kwanza, kama ilivyo desturi ya kumwondolea mtu shaka, akanipa. Ameonja mbele ya macho yangu, na bado niliogopa! Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, na maziwa mengine yakamwagika juu ya shuka. Wiki zote tano nilikuwa nikiomba, Bwana, niponye. Saa ile sikuomba kuponywa. Niliomba, Bwana, nipe kumeza.

Nikameza. Yalikuwa makali, yana harufu ya moshi, na yalishuka yote.

Sitawadanganya kwamba niliruka kitandani. Jioni tumbo liliunguruma nikajua nimekwisha. Asubuhi nikanywa tena, nikiogopa vilevile. Siku ya tano nilikula bakuli zima la uji, ukakaa tumboni. Wiki ya pili nilikula ugali na samaki, Monika akatoka nje akalia peke yake. Binti yetu alipozaliwa, nilimbeba mwenyewe kumtoa nje watu wamwone. Bwana apewe sifa!

Sasa asitoke mtu hapa akasema mwalimu ameturuhusu maji ya kisima. Maji chemsheni! Na anayehara aende zahanati kwanza. Mimi nashuhudia habari ya hofu. Ugonjwa uliniacha siku ya nne, hofu ikanishikilia wiki tano, na hofu ndiyo iliyokuwa ikiniua. Bwana angeweza kuniokoa kwa mkono wa mtu ninayempenda. Akatumia mkono nilioutukana, nami nikakaribia kufa kwa kuukataa. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa tumbo. Na wewe unayeogopa leo, usingoje hofu iishe ndipo umtegemee Bwana. Mimi nilimeza nikiwa natetemeka, naye akanipokea hivyo hivyo.

Nimebakiza neno moja. Mama Naserian ameketi pale mlangoni. Si mtu wa dini yetu, amekuja kwa sababu Monika alimwomba sana. Na wanafunzi wangu wako hapa. Watoto, niliwafundisha vibaya. Kibuyu kile kilikuwa safi, na mama huyu hakuwa na kosa lolote.

Mama, sijawahi kukuomba msamaha kwa kinywa changu. Nakuomba sasa, mbele ya watu wote hawa. Naogopa jibu lako, lakini nitasimama hapa mpaka unijibu.