Jaji Aliyemsikiliza Redio

Pale Acocks Green, mbele ya duka la Jagdish, kuna benchi la mbao ambalo halmashauri ya jiji iliweka ili watu wasubirie basi. Jumamosi asubuhi anayesubiri basi husimama, kwa sababu benchi lina wenyewe. Upande wa mlangoni hukaa Jemima, nesi wa kutoka Kisii, ambaye huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na kuimimina kwa uangalifu kama anayegawa dawa, wakamwita Sista. Katikati hukaa Cleopas wa Eldoret. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa karani katika serikali ya kaunti, na hakuna jambo ambalo hajaliona likifanywa vizuri zaidi kule, kwa hiyo jina lake ni Kaunti. Jagdish mwenyewe, mzaliwa wa Kisumu anayeongea Kiswahili cha bandari ya kule, huegemea fremu ya mlango ili awe kazini na kijiweni kwa wakati mmoja. Na kwenye ncha ya mwisho, mahali pa kunyooshea miguu, hukaa Damien wa Uvira, fundi wa kushona nguo, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano Redio alifika na furaha mpaka kofia ilikaa upande. Binti yake Mireille alikuwa anaolewa na Lennox, mtoto wa Kaunti. Vijana hao walikuwa wamefahamiana hapo hapo benchini, kila mmoja akitumwa kumwambia baba yake kwamba chakula kinapoa. Sasa wazee wawili walikuwa wakwe. Ndugu za Kaunti walikuwa wameshakata tiketi kutoka Eldoret, na Redio alikuwa amepewa nafasi ya kusema machache ukumbini. Kila mtu alijua atakachosema. Angesimulia alivyouvuka mto Ruzizi kutoka Kongo kuingia Burundi wakati wa vita, na Mireille akiwa mtoto mchanga mgongoni.

Hadithi hiyo benchi lilikuwa limeisikia mara nyingi, na kila ilipopita ilikuwa imenenepa. Mwanzoni Redio alivuka na mtoto. Baadaye akavuka na mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Msimu wa baridi uliopita mbuzi naye akaingia majini, na tangu Pasaka kulikuwa na kiboko. Siku hiyo akaianza tena, kama mtu anayefanya mazoezi, na alipofika kwenye kiboko, Kaunti akaweka kikombe chini.

Alisema kwa upole, maana sasa ni mkwe. Alisema dada zake ni watu wa kuuliza, na mkubwa wao alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Wakianza kumcheka kiboko wataucheka na mto, na wakiucheka mto, bibi harusi ataanza ndoa yake akiwa mtoto wa mzee muongo.

— Papa Mireille, niambie kitu kimoja tu. Kuna mtu mwingine anayeyajua haya mambo, mbali na wewe?

Hakuwepo. Jeanne, mke wa Redio, wakati huo alikuwa ameshatangulia Bujumbura kumuuguza mama yake, na Mireille hakumbuki kitu. Redio akavitazama viatu vyake kidogo, halafu akainua kichwa.

— Juge anajua. Juge wa hapa hapa Birmingham. Aliandika kama miye ni muntu wa kweli.

Benchi likachangamka. Kwamba Redio alinyimwa hifadhi ya ukimbizi alipofika, akakata rufaa na akashinda, hilo walilijua. Lakini maneno ya jaji hakuna aliyewahi kuyaona, na Redio naye hakuwahi kuyasoma. Wakili alimpigia simu akamwambia ameshinda, akapiga magoti jikoni akaomba Mungu, basi. Karatasi zilipotea walipohama kutoka Ladywood kwenda Bordesley Green, na wakili alishafunga ofisi zamani. Kama jaji aliandika, Sista akasema, si yatafutwe? Na hapo ndipo kila mtu alipogeuka bingwa wa mahakama.

Kaunti akawaambia kumbukumbu za mahakama hukaa kwenye kaunti. Unaenda masijala na kitambulisho, picha mbili na barua ya chifu, na kwa kuwa Birmingham hakuna chifu, ya padri itatosha. Sista akabisha. Kwake yeye faili la mahakama ni kama la mgonjwa, lina kufuli, halifunguliwi mpaka mwenyewe afe, na hata akifa wanangoja kidogo wahakikishe. Jagdish akasema wote wanapoteza muda, kwani mafaili hayako mjini kabisa. Dereva mmoja wa lori alimwambia yamefukiwa kwenye mgodi wa chumvi huko kaskazini, eti chumvi inazuia panya. Kaunti akakubali mgodi lakini akaongeza walinzi. Sista akakubali walinzi, ila akasema hukumu zote za enzi za Malkia lazima zipigwe muhuri upya kwa jina la Mfalme, na wamefika herufi B tu, wakati jina la ukoo la Redio linaanza na M.

— Ngoja kwanza, akasema Sista baada ya kufikiri. Kama ni mambo ya kaunti, sisi hapa tuko kaunti gani?

Kaunti akajibu West Midlands, lakini bila nguvu. Jagdish akasema mama mmoja mteja wake bado anaandika Warwickshire kwenye bahasha, na kwamba yeye alisoma mahali kuwa zamani benchi hili lilikuwa Worcestershire, na jiji lilikuja kulichukua baadaye. Wakamuuliza Mwingereza aliyekuwa amesimama akisubiri basi. Naye akajikuna kichwa, akasema kila mtu nyumbani kwao ana jibu lake, akapanda basi akiwa bado anajikuna.

Walicheka sana. Redio alicheka nao, ila moyoni kulikuwa na kitu kinamtafuna. Mbuzi, Redio alijua alikomtoa. Alimwongeza siku Sista alipotoka zamu ngumu akiwa hawezi hata kunywa kahawa, na mbuzi akamchekesha. Kiboko kadhalika. Lakini cherehani ilimsumbua. Aliwahi kuwa na cherehani kweli kule Uvira, nyeusi, yenye maua ya dhahabu, na akifumba macho aliiona ikimeta juu ya maji. Alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba hakujua tena kama aliibeba au alitamani tu kuwa aliibeba. Na kama cherehani haikuwepo, je, na mengine? Mahali pekee yalipobaki maneno yake ya mwanzo, kabla hajayapamba, ni katika hukumu hiyo. Alitaka kujua siku ile aliyoapa alisema nini. Aliogopa pia kujua.

Jumatatu wakapanda treni hadi Moor Street, yeye na Kaunti. Kaunti alivaa suti ya harusi, endapo wataapishwa. Wakaenda kwenye jengo lile zee jekundu la mahakama la Corporation Street, na mlangoni wakaambiwa wavue mikanda, mkwe mmoja akamshikia mwenzake koti na mwingine akashikilia suruali. Mlinzi akauliza nani kati yao ameshitakiwa. Kaunti akajibu kwa Kiingereza cha ofisini kwamba hakuna, wamekuja kuangalia kumbukumbu. Mlinzi hakushangaa hata kidogo. Aliwaambia kesi nyingi huko ndani ziko wazi na mtu yeyote anaweza kuingia nyuma akakaa akasikiliza, bila barua na bila suti. Kwa habari za kumbukumbu, wamuone mama wa mapokezi.

Mama huyo aliitwa Kuldip, na alikuwa na subira. Akawaeleza kwamba hapa ni mambo ya jinai. Madai na talaka yana jengo jingine hatua chache kutoka pale, wosia hutafutwa mtandaoni, na rufaa za uhamiaji zina baraza lake peke yake. Uamuzi wa kwanza wa baraza hauwekwi hadharani. Mwenye kesi ndiye huandika akaomba nakala yake. Kaunti akauliza iko kaunti gani. Kuldip akasema haijalishi kaunti gani, na Kaunti akanywea kidogo ndani ya suti.

Halafu Kuldip akamgeukia Redio na kumuuliza kama, baada ya yeye kushinda, serikali ilikubali au ilikata rufaa tena.

Redio alikuwa amesahau. Sasa ikamrudia, ile baridi nyingine nzima ya kusubiri wakati alikuwa ameshaambiwa ameshinda, na Jeanne akiogopa kufungua masanduku. Ndiyo, walikata. Akashinda mara ya pili.

— Basi hukumu ya pili iko wazi, Kuldip akasema. Iko kwenye tovuti ya serikali. Bure. Hata mimi naweza kuisoma.

Wakatembea hadi maktaba kubwa ya Centenary Square, wakakaa mbele ya kompyuta moja, mabega yakigusana. Kwa jina hawakupata kitu, na Kaunti akaanza kulaumu. Ilibidi wasome maelezo taratibu ndipo waelewe kwamba watu wa hifadhi hawaandikwi majina yao, kwa usalama wao. Huandikwa herufi tu. Wakaanza upya, wakatafuta kwa nchi, kwa mwaka na kwa mji ilikosikilizwa. Wakafungua moja, ni mwanamke wa Goma. Wakafungua nyingine, ni kijana. Ya tatu ilikuwa na herufi DM, iliyosikilizwa Birmingham, na katika aya ya juu kabisa kulikuwa na neno Ruzizi.

Redio akasukuma kiti nyuma kidogo. Akamwambia Kaunti asome yeye, kwa Kiswahili, polepole.

Kaunti akavaa miwani. Jaji wa pili alikuwa amemnukuu jaji wa kwanza, na Kaunti akaenda akitafsiri mstari kwa mstari. Huyu mtu alivuka mto alfajiri, maji yakiwa kifuani. Alikuwa amemfunga binti yake mgongoni kwa kitambaa. Alipoulizwa na wakili wa serikali kwa nini hakuchukua mali yoyote, wakati alikuwa fundi mwenye vifaa vyake vya kazi, alijibu kwamba aliiacha cherehani mlangoni, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa wa kushika kamba ya kuvukia na mwingine wa kushika mtoto. Alipoulizwa kama alikutana na hatari majini, alijibu kwamba hakuona kitu, kulikuwa na giza, aliogopa tu.

Hapo Kaunti akasoma kimoyomoyo, akarudia, kisha akavua miwani na kuifuta ingawa ilikuwa safi.

— Soma, Redio akamwambia.

— Jaji anasema anamwamini. Anasema sababu kubwa ni kwamba huyu mtu angeweza kusema zaidi ili kujisaidia, na hakusema. Imeandikwa hivi, Papa Mireille: huyu ni shahidi asiyetia chumvi.

Wakatazamana. Kicheko kilianzia kwa Kaunti, chini tumboni, kikapanda mpaka akalazimika kuegemeza paji la uso kwenye meza. Redio naye akashindwa kujizuia. Wazee wawili walicheka hadi machozi, wakizibana midomo kwa mikono, na mkutubi akaja kuwatazama, akaona mmoja wao analia kwelikweli, akaondoka bila kusema neno. Kaunti alimshika mkwe wake shingoni akambakisha hivyo kwa muda. Cherehani ilikuwa imebaki mlangoni, na Redio, badala ya kuona aibu, akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuna aliyemtuma kuubeba.

Jumamosi iliyofuata Kaunti alikuja na hukumu imepigwa chapa, akaisoma mbele ya benchi zima kama katibu wa bunge. Sista alidai kipande cha chumvi kirudiwe, kikarudiwa. Jagdish akatoa biskuti dukani bila kuombwa. Wakakubaliana kwamba ukumbini Redio asimulie vile vile ilivyoandikwa, na kwamba Kaunti mwenyewe atawaambia dada zake karatasi ilipo, wakaisome wakitaka, hata wakiwa Eldoret.

Walikuwa bado wanabishana nani ameshinda hoja ya mgodi wa chumvi, aliposimama Mireille mbele yao. Alikuja kumchukua baba yake akajaribu suti. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile maisha yake yote, lakini Sista akasogea, naye akakaa, akaichukua karatasi na kuisoma mwenyewe, kwa Kiingereza chenyewe, mpaka mwisho. Alipomaliza aliishika mapajani. Mara nyingi baba yake akimsemesha Kiswahili yeye hujibu kwa Kiingereza. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

— Papa, mimi nilikuwa nalia?

Kaunti akaichukua karatasi akapekua aya zote. Haikusema. Hakuna wakili aliyeuliza hilo, wala jaji. Sista akaangalia naye, Jagdish akatoka mlangoni akaangalia. Halafu wote wanne wakamgeukia Redio.

Angeweza kusema lolote, hakuna mtu duniani wa kumpinga. Alifumba macho. Alisikia kamba inakwaruza kiganja, na baridi ya maji kifuani, na nyuma ya shingo, pumzi ndogo, ya moto, inakuja na kwenda.

— Hapana. Ulikuwa umelala. Ulinikojolea mugongo, maji ikawa moto kidogo, pale njo ukalala.

Kaunti, aliyetaka mashahidi kwa kila kitu, hakutaka shahidi wa hili. Alicheka, wote wakacheka, na mtu mmoja kwenye foleni ya basi, ambaye hakuelewa neno hata moja, akacheka nao. Mireille alijifunika uso kwa viganja vyake viwili.

— Hiyo usiseme ukumbini, Papa. Please. Mbele ya mashangazi wa Lennox.

Redio akainuka, akaweka kofia yake vizuri, akampa binti yake mkono. Hakuahidi kitu.