Chumba Kisichopigwa Picha

Assalaam alaykum, dada zangu. Zamu ya kusema leo imenifika mie, na kabla sijasema lolote nnataka kumwomba radhi mwenye nyumba. Tulipoingia, nyinyi mlikuwa mnavua viatu na kuamkiana, mie nilikuwa nnaangalia dari. Lile pazia la pembeni nnajua linaziba nini. Sitasema. Nimelitaja ili mjue kwamba maradhi yangu hayajaisha, yamepungua tu.

Yalianza kwa kudanganywa. Mie na mume wangu tulikodi fleti mtaa wa Hamriya ambayo tuliiona kwenye simu. Sebule pana, dirisha linamwaga mwangaza. Tukalipa kwanza, tukaja kuiona baadaye. Ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani, na ule mwangaza ulikuwa wa taa. Sebule ilionekana pana kwa sababu mpiga picha alipanda juu ya kabati la jikoni, alama za viatu vyake tulizikuta. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka. Niliapa siku ile kuwa picha haitanidanganya tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata tulipohamia Khuwair ya Kusini, nyumba nzuri isiyo na kasoro, niliendelea kuangalia matangazo ya nyumba. Mwanzo ilikuwa tahadhari, halafu ikawa raha, na raha yenyewe ilikuwa kwenye zile nyumba za ajabu zenye bei za kichaa. Niliona nyumba ina majlis tatu za kupokelea wageni na chumba kimoja cha kulala. Nyingine ina ngazi ya marumaru inapanda mpaka ukutani, basi, hapo ndipo mwisho wake. Nyingine sakafu yake ni kioo na chini yake samaki wanaogelea, ukienda chooni unawakanyaga. Na kwa bei iliyoandikwa hapo mtu angenunua mtaa na watu wake.

Ndugu zangu, nnakwambieni, niligeuka mjuzi. Nilijifunza kutotazama kilichopigwa picha bali kisichopigwa. Tangazo likisema vyumba sita na picha ni za vyumba vitano, hicho cha sita kina jambo. Zulia likitandikwa pembeni badala ya katikati, chini yake pana ufa. Kila nyumba ina siri, na mie nilikuwa naitafuta ofisini, mezani, hata kwenye foleni ya mkate.

Sasa jicho likishazoea kazi hiyo halichagui. Nilikwenda kwenye msiba kutoa mkono wa pole, nikaonekana nnagonga ukuta kwa kidole kusikiliza kama una maji. Watu wakapunguza kunialika. Mtu akiniambia karibu, najiuliza anataka kuniuzia nini. Mume wangu akiisifu nyumba yetu, nashuku ameona ufa na anauficha. Mnacheka, lakini nnajua hapa wapo wawili watatu wanaonielewa vizuri sana.

Mama yangu anakaa Matrah, katika nyumba yetu ya ghorofa tatu ndani ya vichochoro. Mdogo wangu, dada yangu wa pekee, anakaa vichochoro viwili kutoka kwake. Mie kule nilikuwa siendi. Nilisema hakuna pa kuweka gari, nilisema joto. Lakini simu nilimpigia kila siku, na hilo nilijihesabia thawabu. Yeye anazungumza, mie nimeiweka simu mezani kwa sauti kubwa, kidole kinaendelea na majumba, na mdomo unasema eeh mama, eeh mama. Siku moja akaniuliza nnafanya nini. Nikamwambia nnaangalia nyumba za watu. Akauliza kama nataka kuhama, nikasema hapana.

"Sasa unaziangaliani?"

Nikamweleza kuwa siko peke yangu, watu wengi tu tunaangalia nyumba tusizoweza kuzinunua, na wengine wanafunga safari wakazione kwa macho, kwa udadisi tu. Mama akasema, "Ajabu." Nami nikaendelea na majumba yangu.

Baada ya miezi kadhaa, niko kazini wakati wa mapumziko, ikapita nyumba ya Matrah. Bei yake ilinichekesha, ilizidi ya kasri la pwani. Nikafungua picha. Picha ya tatu ni ya jiko, na juu ya mlango wa jiko imetundikwa mbuzi ya kukunia nazi. Matrah nzima nani mwengine anatundika mbuzi juu ya mlango? Ile ni mbuzi ya bibi yangu, ilitoka Unguja. Ile ni nyumba ya mama.

Hata hapo jicho halikuacha kazi. Vyumba sita, vilivyopigwa picha vitano. Kilichokosekana ni kile chumba kidogo cha chini, kando ya jiko, tulichokuwa tukiwekea magunia ya mchele.

Nikapiga hesabu zangu. Mwenye ufunguo ni mdogo wangu. Mwenye simu ya kupiga picha ni mdogo wangu. Kwa hiyo mdogo wangu anaiuza nyumba ya mama kwa hila. Nikampigia nikamuuliza nani kapiga picha zile. Akasema, "Mimi. Muulize mama." Basi, hayo mawili yakanitosha. Nilijua mtu mwenye hila tu ndiye anayekwambia ukamuulize mwengine.

Mtasema kwa nini sikumuuliza mama. Kwa sababu nilidhani ameshatiwa maneno, na mshukiwa haulizwi, hufumaniwa. Badala yake niliwapigia mashangazi, mmoja baada ya mmoja, nikawaambia mdogo wangu anataka kumtoa mama kwenye nyumba. Nilisema kwa yakini, kama mtu aliyeona karatasi. Idi ikapita hatukupeana mkono, mie na yeye, watoto wa tumbo moja. Hilo ndilo shimo nililoingia, na nilijichimbia mwenyewe.

Nikaamua kufumania. Nikapiga namba ya dalali iliyokuwa kwenye tangazo, nikajipa jina jengine, nikaomba kuiona nyumba. Akashusha pumzi akaniambia, "Sawa bibi. Njoo na njaa." Hata hilo nililishuku, nikaliandika.

Nilikwenda baada ya alasiri, nimevaa nikabu, na nyote mnajua mie si mvaaji wa nikabu. Dalali alinionesha mlango akarudi nyuma, akasema yeye leo ameshakunywa kahawa mara mbili. Nikabisha hodi. Akafungua mama mwenyewe, ameshika mkongojo. Mkongojo ule sikuwa naujua.

Nikataka kuanza na vyumba. Akanambia nyumba haikimbii, nikae kwanza. Yakaja halwa, tende, kahawa, akakaa mbele yangu amejitanda kanga yake nzuri. Akaniuliza mtu wa wapi, nina watoto wangapi. Nikajibu kwa sauti ya kubana. Nikamuuliza yeye. Akasema ana mabinti wawili, mmoja yupo hapa kila siku, mwengine ana shughuli nyingi.

Nikairudisha halwa sahanini, lakini sikuacha. Nikainuka nikasema nataka kukiona kile chumba kidogo cha kando ya jiko. Akasema hicho si cha kuoneshwa. Kwangu mie ilikuwa kama ushahidi. Nikausukuma mlango wake.

Kulikuwa na kitanda chake. Nguo zake kwenye misumari, msala wake, dawa zake kwenye sahani. Mama yangu hakuwa amepanda ngazi za nyumba yake karibu mwaka, magoti yamekataa, na alikuwa analala penye magunia. Nimesimama pale mlangoni, nikamsikia nyuma yangu.

"Vua hiyo nikabu, mwanangu, utapata joto. Nimekujua tangu ulipoangalia dari."

Nikamuuliza kama kweli anauza nyumba.

"Kwa bei ile? Nani atanunua? Wewe si ulinambia watu wanakwenda kuangalia nyumba wasizoweza kuzinunua? Nikasema basi waje. Wewe huji, waje wao. Wanakaa, wananywa kahawa, tunazungumza. Kuna bibi mmoja kesharudi mara tatu."

Dada zangu, nililia siku ile mpaka mama akachoka kunibembeleza. Ndiye pia aliyemwapisha mdogo wangu asiniambie habari ya magoti. Alimwambia hataki nije kwa huruma, anataka nije kwa hamu.

Nilitoka pale nikaenda kwa mdogo wangu kwa miguu, vichochoro viwili. Nilimwomba radhi mlangoni, kabla hajanikaribisha. Akasema, "Nilikwambia umuulize mama," kisha akanipa mkono wa Idi, miezi miwili imeshapita. Kwa mashangazi nilikwenda nyumba kwa nyumba kurudisha maneno yangu. Hayarudi yote. Yupo mmoja mpaka leo anamtazama mdogo wangu kwa pembe ya jicho, na jicho hilo nimempa mie.

Nnamshukuru Mungu. Nnamshukuru mume wangu, aliyenipeleka Matrah kila Jumamosi mpaka nikazoea kwenda mwenyewe. Nnamshukuru mdogo wangu, aliyenyamaza akatukanwa ili asivunje kiapo. Nnamshukuru yule dalali, ambaye hapati kitu ila halwa. Na nyinyi, mlioendelea kunialika. Sijui kwa nini mliendelea, na nimejikataza kuuliza.

Nilichojifunza ni kidogo. Jicho langu halikukosea: kile chumba kilikuwa na siri kweli. Lakini niliitafuta kwenye simu, na mlango ulikuwa wazi muda wote, unangoja nibishe hodi tu.

Tangazo mama hajaliondoa, anasema atawakatazaje wageni wake kuja. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja, akanywa kahawa, akasema bei ameikubali. Mama akanitazama kwa hofu. Jioni ile ile tukaipandisha.

Basi nimemaliza. Jumamosi nnakwenda baada ya alasiri, na gari langu lina nafasi tatu. Mwenye kutaka kuiona nyumba aje. Bei msiulize, na njooni na njaa.