Mtani Aliyelala Mlangoni pa Stesheni

Jumanne, tarehe 30 Aprili 1957, Mzee Mfaume Abbasi atavua koti lake jeupe katika Zahanati ya Stesheni hapa Tabora, baada ya kufanya kazi humo miaka thelathini na mmoja kasoro siku tatu. Hizo siku tatu ametuagiza mwenyewe tuzitaje, maana hataki kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Kwa kuwa siku hiyo Ramadhani itakuwa haijaisha, hafla ya kumuaga tumeisogeza hadi Jumamosi ya tarehe 4 Mei, Idi ikiwa imepita, ili pilau lisije likawa la kutazama tu.

Wahariri wa jarida letu wameniomba mimi, Silasi, dresa mwenzake, yaani msaidizi wa tabibu, niandike machache juu yake. Wamenichagua kwa sababu nimefanya naye kazi miaka kumi na minane. Hawakujua kwamba kabla ya kuwa mwenzake nilikuwa mgonjwa wake, na kabla ya hapo nilikuwa mbishi wake. Hayo nitayaeleza, akitaka asitake.

Mzee Mfaume ni Mzaramo wa Kisarawe. Alifika Tabora Mei 1926 kufagia zahanati, na alimwambia mama yake kwamba anakwenda kwa mwaka mmoja. Mama yule alisubiri sana! Daktari wa wakati huo aligundua jambo la ajabu: wasafiri walimsikiliza mfagiaji kuliko walivyomsikiliza yeye. Basi akamnyang'anya ufagio, akamfundisha kuchanja ndui, na mwaka 1929 Mfaume akapewa meza yake karibu na dirisha la tiketi za daraja la tatu.

Anayeijua stesheni yetu anajua kwamba hapo reli zinaachana, moja Kigoma, moja Mwanza, moja Dar es Salaam, na watu wa kila namna hukaa chini wakisubiri. Mfaume alikuwa akipita katikati yao akiuliza swali moja tu, unakwenda wapi. Ukimjibu, anakwambia kinachokungoja huko. Huyu achanjwe ndui kwanza. Yule mgeni kutoka baridi ya Iringa, ambaye damu yake haijaizoea homa ya mbu, aanze kwinini leo, asingoje mpaka atetemeke. Mama mwenye mtoto mchanga asipande treni bila chandarua, na chandarua hicho akifunge kitandani, asikifanye pazia la sebuleni kama alivyofanya karani mmoja ambaye jina lake tunamhifadhia.

Kwinini, mnaujua uchungu wake. Wengi walikuwa wakiificha chini ya ulimi, wakigeuka wanaitema. Mzee Mfaume alikuwa na dawa ya dawa: ukishameza, anakuamuru utaje jina la bibi yako mzaa baba, pamoja na ubini wake, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye injini. Hakuna aliyeweza kulitaja na kidonge kinywani.

Lakini msafiri anayejilipia nauli halazimishwi. Lazima akubali mwenyewe, na hapo ndipo ilipokuwa kazi. Mzee Mfaume alikuwa na silaha ambayo daktari hakuwa nayo, nayo ni utani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara hadi pwani, wakipita kwao. Mtani hukutukana mchana kweupe ukacheka. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kulala chali njiani mbele ya jeneza lako, akalia kilio cha uongo, akakataa kuondoka mpaka wafiwa wampe kuku au hata mbuzi.

Kwa hiyo yeye hakumsihi mtu achanjwe. La! Alikuwa akikaa mezani pake na kuwasihi Wanyamwezi wasichanjwe hata kidogo, wajiendee hivyo hivyo, wafe kwa wingi, maana nyumbani kwake mbuzi wamepungua na misiba imekuwa haba. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanakunja mikono ya mashati kwa hasira ya utani, wachanjwe, ili Mzaramo alale njaa. Sifa zake zilipanda njia ya misafara hadi kwetu Choma, na kule watoto waliigiza sauti yake bila ya kumwona.

Juni 1937 silaha hiyo ilimgeukia. Tulikuwa watu kumi na tisa, tumetembea siku tano kutoka Choma, tunakwenda kutafuta kazi kwenye mkonge upande wa pwani. Asubuhi ile simu ilikuwa imefika kwamba ndui imeingia katika makambi huko huko tulikokuwa tunakwenda. Mfaume alitujia uso umemkauka, akatuambia kwamba ndui ipo, inaua, na tuchanjwe kabla treni haijaja.

Tulianguka kwa kicheko. Sisi tulijua kwamba Mzaramo yule husema kinyume. Akisema msichanjwe, maana yake mchanjwe. Basi akisema mchanjwe, ndui iko wapi? Rafiki yangu Yoramu, aliyekuwa kinara wetu kwa mdomo, alimjibu kwamba leo amekosea kuanza, arudi alale, aamke upya. Kadiri Mfaume alivyoapa ndivyo tulivyozidi kumsifu kwamba utani anaujua. Mwanamume alikuwa anatuambia ukweli, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Treni ilikuwa imebakiza nusu saa.

Ndipo alipoweka kijembe chake cha kuchanjia mezani, akaenda hadi mlango wa kuingilia jukwaani, akalala chali mavumbini na koti lake jeupe, mikono kifuani, macho ameyafumba. Kicheko kilikatika. Kwetu mtani halali hivyo isipokuwa mbele ya maiti, na hapo maiti haikuwapo.

Mkubwa wetu katika safari alikuwa Mama Ng'washi, mjane aliyekuwa akimfuata mwanawe huko huko kwenye mkonge, Morogoro. Alimsimamia pale chini, akamwuliza:

"Mtani, umemlalia nani?"

"Nimewalalia ninyi," akajibu bila ya kufumbua macho. "Wote kumi na tisa."

Mama Ng'washi aliinama akamshika mkono, akamwinua, akamkung'uta vumbi, kisha akafunua bega lake mwenyewe. Wengine wakaanza kujipanga nyuma yake.

Yoramu alinivuta shati. Alisema ghala la mizigo lina mlango wa pili, tupite huko, tusichezewe na Mzaramo mbele za watu. Nilimfuata hatua tatu. Kwa nini niligeuka? Kwa sababu niliona machozi ya Mfaume yametiririka hadi masikioni, kama yanavyomtoka mtu aliyelala chali, na mtani wa msibani halii machozi ya kweli. Nilirudi, nikajipanga. Yoramu akapita ghalani, akapanda treni na bega lake zima.

Agosti ndui iliingia kambini kwetu. Sisi kumi na wanane tuliwabebea wagonjwa maji na uji, wala haikutugusa. Yoramu ilimshika. Alilala wiki tano, akapona, lakini uso wake ulibaki na makovu na jicho lake la kushoto halikuona tena. Nilimuuguza mimi, na ilikuwa katika zile wiki tano nilipokata shauri kwamba nikirudi Tabora nitamwomba yule Mzaramo anifundishe kazi. Nilirudi mwaka 1939, nikamwomba. Jibu lake lilikuwa kwamba Mnyamwezi hafundishiki, lakini atajaribu.

Habari ya Yoramu ilimuumiza mno. Aliniambia mara moja tu, tukichemsha vyombo, kwamba ni utani wake uliomponza kijana yule, kwamba alikuwa amewazoeza watu kumcheka hata siku ambayo hakutakiwa kuchekwa. Tangu hapo alijiwekea sheria, nayo kila aliyepita stesheni aliijua: Mfaume akiwa na kofia kichwani, sema naye upendavyo, akiivua, hakuna utani, analosema ndilo. Nimemwona akiivua mara chache sana, na kila mara watu walinyamaza wakasikiliza. Yoramu naye, Mungu ambariki, hakuweka kinyongo. Kila mwaka huwaleta wasafiri wa Choma mpaka mezani petu, anageuza uso wake wautazame vizuri, kisha anawauliza nani anataka kupita ghalani.

Wakati wa vita vilikuja vidonge vya njano vya kuzuia homa, vya askari waliokuwa wakipelekwa ng'ambo. Vidonge vile vilikuwa vinageuza ngozi rangi ya manjano, na uvumi ukaenea mjini kwamba mwanamume akivimeza hazai tena. Askari wakawa wanavitupa relini. Mzee Mfaume hakuhubiri. Alivimeza yeye mwenyewe hadharani miezi mitatu, mpaka akawa wa rangi ya embe dodo, na kabla mwaka haujaisha mkewe, Bi Mwanamkuu, akajifungua mtoto wa saba. Mtoto aliitwa Yahaya, lakini mtaa mzima wa Ng'ambo unamwita Kidonge hadi leo. Askari walijipanga mstari mpaka nje ya uzio, na wengine, tulisikia, waliomba vya akiba.

Msidhani ni malaika. Mwandiko wake kwenye vyeti husomwa na yeye na Mungu tu. Chai yangu ameinywa kwa miaka kumi na minane akidai kwamba ni kodi ya watani. Na kuna jambo moja alitufichia sote, ambalo nalitoa leo kwa ruhusa yake.

Mzee Mfaume amenuia kwenda Hija mwaka huu. Ni nia ya miaka mingi, na akikosa meli ya mwaka huu hajui kama magoti yatamruhusu mwingine. Meli haimpokei mtu asiye na cheti cha ndui, cha kipindupindu na cha homa ya manjano, na yeye ndiye aliyewaandikia mahujaji wote wa mji huu vyeti hivyo. Kijembe cha ndui alichanjwa tangu utotoni, akarudia bila ya shida. Zile mbili nyingine ni za sindano, na ya kipindupindu ni mara mbili, wiki moja baina yake. Januari alisema bega linamuuma. Februari alisema sindano zetu ni butu. Machi akasema afadhali Ramadhani ipite kwanza. Yeye mwenyewe alijua siku zinazohitajika mpaka chanjo ishike mwilini, na alijua kwamba akingoja Idi atasafiri hadi bandarini kupunga mkono tu. Sisi tulikuwa tunahesabu siku kwa niaba yake, na roho zilikuwa juu.

Jumamosi ya tarehe 23 Machi, saa ya kufunga, alichukua mwavuli wake aende nyumbani. Mlangoni alitukuta tumelala chali, mikono kifuani: mimi, nesi Flavia aliyetandika shuka kwanza kwa kuhurumia sare yake mpya, na Yoramu, aliyekuwa ameleta watu wake siku hiyo.

"Mmemlalia nani?" akauliza.

"Tumekulalia wewe, mtani," akajibu Yoramu.

Tulingoja matusi. Badala yake Mzee Mfaume alivua kofia. Alisema kwamba amewachoma watu miaka thelathini, lakini yeye anaogopa sindano, anaiogopa tangu siku ya kwanza alipoishika, na aliona haya kutuambia. Kisha akauliza kama inauma.

Hakuna aliyecheka. Niliinuka, nikajikung'uta, nikachemsha bomba la sindano. Flavia alimshika mkono wa kulia na Yoramu akakaa mbele yake, ili awe na kitu cha kutazama. Nilimwambia ataje jina la bibi yake mzaa baba, pamoja na ubini, asikike hadi kwenye injini. Alipofika kwenye ubini nilikuwa nimekwisha kumchoma, na alibisha kwamba bado sijaanza. Wiki iliyofuata alirudi kwa ya pili bila ya kuitwa, na ile ya homa ya manjano nayo imekwisha kuandikwa. Kwa mara ya kwanza cheti chake kinasomeka, kwa sababu nimekiandika mimi.

Mzee Mfaume, kwa niaba ya wote wanaofanya kazi hapa, na kwa niaba ya maelfu ambao mabega yao yana alama yako na hawajui jina lako, asante. Asante sana kwa ile siku ya vumbi. Ukipita Kisarawe kabla ya kupanda meli, waambie ndugu zako kwamba Wanyamwezi tulikulea vizuri. Njiani meza vidonge vyako vya homa kila siku ya kumeza, na chandarua kifunge kitandani, usikifanye pazia. Fika Maka, utuombee, heri ikufuate kila utakaposhuka, wewe na Bi Mwanamkuu na Kidonge.

Halafu urudi. Ulituahidi miaka mingi kwamba ni wewe utakayelala mbele ya majeneza yetu, na ahadi hiyo hatujakusamehe. Njoo uitimize taratibu, mtani. Sisi huku hatuna haraka.