Dama Baya na Maji ya Kupoza

Bwana apewe sifa, wazee wetu shikamooni, na majirani zetu Waislamu asalaam aleikum. Mimi ni Samuel Baya, kitindamimba wa mzee Baya, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba, nikikwama mnisubiri.

Marehemu Dama Baya alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966 karibu na Kinango, akasoma hadi darasa la tano, akaachishwa mwaka wa 1979 ili achunge mbuzi, na ni mbuzi hao waliotusomesha sisi wanaume, jambo ambalo hatukumshukuru vya kutosha. Mwaka wa 1984 alianza kuuza mbaazi na mahamri pale Kombani, na wengi mlioketi hapa mmekula kutoka mkononi mwake. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa kanisani na Harrison Tsuma wa hapa Matuga, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, akabaki Kadzo, huyu mnayemwona hapa mbele.

Harrison alifariki tarehe 20 Mei 2014, na kabla matanga hayajaanuliwa mdogo wake, Kalama, alianza kung'oa mihogo ya mjane, akimwambia mbele za watu, "Wewe umezaa binti tupu, shamba la baba yangu utamwachia nani, mkwe?" Dada akamjibu kwamba Harrison alimwacha hapo, na hapo ndipo atakapomkuta.

Tarehe 9 Februari 2019 Kalama alimkuta akichimba mihogo, akamkata kwa panga mkono wa kushoto hadi mfupa ukaonekana, vidole viwili vikaanguka mchangani, jirani yetu Mishi akamfunga kwa leso yake na kumfikisha hospitali ya Msambweni. Kalama akashtakiwa korti ya Kwale, lakini kabla siku ya kusikizwa haijafika tuliitisha kikao cha ukoo, mbuzi akachinjwa, kila mmoja akapiga funda la maji na kuyatema chini ili kupoza, na kwa desturi yetu neno likishapozwa halisemwi tena, basi tukadhani kesi nayo imepoa, mashahidi tukabaki nyumbani, hata dada mwenyewe siku hiyo alikuwa akikaanga mahamri. Lakini serikali haikutema maji pamoja nasi. Mwendesha mashtaka alisimama peke yake bila shahidi hata mmoja, hakimu akaifunga kesi, na Kalama akarudi akicheka njia nzima.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo aliikata mishipa ya miguu ya mbuzi wanne wa dada, wakawa wanajiburuta uani wakilia, na dada alipotoka akampiga usoni kwa mpini wa jembe hadi meno ya mbele yakang'oka. Hiyo ikawa kesi ya pili, na hapo dada akajisomesha upya, siku ambazo kesi si yake akawa anakwenda korti ya Kwale, anaketi benchi la nyuma, anasikiliza kesi za watu za kuku na za mipaka ili ajue hakimu hutaka kusikia nini, kisha jioni anatuketisha uani sisi mashahidi, pamoja na mzee Sanga wa jirani, mwiko mkononi, anatuuliza kama wakili.

"Mzee Sanga, ulimwona, au uliambiwa?"

"Dama mwanangu, kila mtu anajua ni Kalama."

"Kila mtu hakuitwa, baba, umeitwa wewe. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi sema hivyo na unyamaze, usituanzie habari za babu yake."

Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Wazee walipokuja na mbuzi mwingine aliwapokea kwa adabu, akawaambia, "Maji nitayatema, nyama nitakula, na tarehe ikifika nitakwenda," akaitwa mkaidi, nami nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo. Alikwenda, nasi tukamfuata, na tarehe 4 Machi 2021 Kalama akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Sasa nimefika penye ugonjwa na kifo. Hapa jana niliandika, kwa ombi la wazee, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, nikakubali kwa woga, Mungu anisamehe, sitalisoma neno hilo. Dada yangu hakuugua. Tarehe 2 Oktoba 2025, asubuhi, dada akiwa anapalilia, Kalama, aliyekwisha kumaliza kifungo, alimkata kichwani kwa panga, akamkata tena alipokwisha kuanguka, Mishi akiona, mzee Sanga akiona, Mishi akamfunga tena kwa leso yake, na madaktari wa Mombasa walipambana hadi tarehe 11, alipokata roho bila kufumbua macho. Kalama yuko rumande kwa shtaka la kuua. Na nyuma ya jiko kuna mbuzi amefungwa tangu alfajiri, sote tunajua ni wa nini. Wazee wangu, nawaheshimu, mchinjeni, watu wale, anayetaka kutema maji na ateme, ila asiende kwa Mishi wala kwa mzee Sanga kuwaambia wabaki nyumbani, maana nitakuja kuwachukua mimi mwenyewe, mlango kwa mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni na Mombasa, kina mama wa Kombani waliofunga vibanda vyao leo, kanisa, na majirani waliochimba kaburi hili ndani ya shamba lake, kando ya mumewe. Mishi, leso zako mbili zimekwenda na damu yetu, Mungu akulipe.

Dada Dama, Bwana akupumzishe kwa amani yake, na siku jina lako litakaposomwa kortini, tutakuwa tumefika.