Hatua Arobaini za Shamba la Baba

FINTAN: Haloo? Nani mwenzangu? Kama unauza bima, nilishakufa juzi.

GOBNAIT: Kaka, ni mimi. Gobnait.

FINTAN: Gobnait! Dada yangu! Mbona asubuhi hivi? Limerick kumeungua, au Ireland nzima?

GOBNAIT: Hapana. Niko shambani, kaka. Katapila limekuja.

FINTAN: Leo? Si walisema Jumatatu? Ah, safi sana! Wajenzi niliowauzia shamba hawachelewi, zamani sisi—

GOBNAIT: Fintan, lisimamishe.

FINTAN: Eh? Upepo unakula maneno yako.

GOBNAIT: Nimesema lisimamishe! Liko geti la chini. Dereva anakunywa chai. Akimaliza kikombe chake anaanza na kile kipande cha juu, cha mpakani. Nimeegemea mti wa miiba.

FINTAN: Bibi mzima wa miaka sabini unaogopa mashine? Dude hilo nimeliendesha huku Uingereza, hapa Coventry, miaka thelathini, halijaning'ata hata siku moja.

GOBNAIT: Siogopi mashine.

FINTAN: Basi ni Mossie Hourigan. Jirani mwema! Ametoka na uma wake wa majani, siyo? Anakutisha?

GOBNAIT: Mossie yupo. Amekaa juu ya jiwe la mpaka. Dereva amemwambia atoke, mara ya kwanza, mara ya pili. Hajibu. Kavaa koti la kanisani, Fintan.

FINTAN: Na akae! Aliketi juu ya haki yetu miaka hamsini, nusu saa nyingine haimdhuru. Hatua arobaini za shamba la baba kazila yule, na uso mkavu, na kila Jumapili anashika mkono wa padri—

GOBNAIT: Punguza sauti.

FINTAN: Nipunguze nini, niko jikoni kwangu! Ramani nimeileta mimi, dada. Ile ya wapimaji wa zamani. Mstari umenyooka kama mshono wa suruali: huku ardhi ya jiji, kwetu, kule ya kaunti, kwa Mossie, tangu meya alipokuwa anaukagua mpaka juu ya farasi na watu wake nyuma. Na jiwe la jiji lilikuwa kwenye mstari. Sasa haliko! Limeingia kwetu hatua arobaini. Jiwe lina miguu?

GOBNAIT: Najua halina.

FINTAN: Basi kuna mtu kalihamisha. Na bibi alitwambiaje kuhusu anayehamisha jiwe la mpaka? Akifa hapumziki. Atazunguka nalo mgongoni mpaka kiyama, anauliza, niliweke wapi, niliweke wapi—

GOBNAIT: Usiseme hivyo! Tafadhali. Usiyaseme maneno hayo.

FINTAN: Nayasema! Mwizi ni mwizi hata akiwa na mvi.

GOBNAIT: Ni baba.

FINTAN: Baba kafanyaje?

GOBNAIT: Baba ndiye aliyelihamisha jiwe.

(Mtandao unakwaruza.)

FINTAN: Rudia. Simu hii inaniletea upuuzi.

GOBNAIT: Umesikia.

FINTAN: Baba yetu? Aliyempeleka mjomba wake mwenyewe kwa hakimu kwa upana wa jembe moja? Aamke siku moja ajinyang'anye shamba kwa mikono yake? Gobnait, umekula nini asubuhi?

GOBNAIT: Sijala kitu tangu jana. Nisikilize, betri inakwisha na huyu mtu kikombe chake kidogo. Vichanga waliokufa kabla ya ubatizo, zamani, walizikwa wapi?

FINTAN: Swali gani hilo?

GOBNAIT: Nijibu.

FINTAN: Mpakani. Nani asiyejua? Makaburini padri hataki, shambani mwenye shamba hataki. Mpakani si kwa mtu yeyote. Padri wa upande huu anasema ni wa upande ule, na wa upande ule— Lakini mambo hayo ni ya enzi za bibi. Sasa hivi nani—

GOBNAIT: Si ya enzi za bibi tu.

FINTAN: Hiyo ngurumo ni nini?

GOBNAIT: Amewasha! Ee Mungu wangu, amewasha, kaka, amewasha—

FINTAN: Tulia. Anapasha moto injini. Asubuhi ya baridi lazima ipashwe. Mkono wa mashine uko juu au chini?

GOBNAIT: Chini.

FINTAN: Basi bado. Anapasha tu. Bado ana chai?

GOBNAIT: Bado. Mossie hajatikisika.

FINTAN: Haya. Haya, dada. Pumua. Nani kazikwa hapo?

GOBNAIT: Mwaka sabini na nne ulikuwa huko Coventry.

FINTAN: Nilikuwa huku.

GOBNAIT: Uliandika unakuja Pasaka. Mama akakujibu usije, Gobnait ana homa ya mapafu, utaambukizwa.

FINTAN: Nakumbuka. Nilikutumia machungwa.

GOBNAIT: Yalifika. Sikuwa na homa, kaka.

FINTAN: Ulikuwa na mi—

GOBNAIT: Usinifanye niseme yote. Niko hapa wazi, dereva ananiangalia.

FINTAN: Usiseme. Nimeelewa. Sema ya jiwe tu.

GOBNAIT: Baba alitoka alfajiri na sanduku la siagi kwapani. Nilikuwa dirishani, mama alisahau kufunga pazia. Alikwenda hadi mpakani kwenyewe, akajaribu. Pale ni mawe na mizizi, jembe likawa linagonga tu, ng'a, ng'a, hadi nyumbani nasikia. Akarudi nyuma. Akajaribu tena. Akarudi, akarudi, mpaka hapa kwenye mti wa miiba, ndipo udongo ukakubali.

FINTAN: Hatua arobaini.

GOBNAIT: Alipomaliza akasimama, akatazama nyuma. Akaona kamzika ndani ya shamba. Haiwezekani, unajua haiwezekani, na kufukua hakuweza tena. Nikamwona kakaa chini kwenye matope, baba, mtu ambaye hakukaa chini hata kwenye mazishi ya mama yake. Mtoto alishindwa kufika mpakani, Fintan. Basi baba akauleta mpaka kwa mtoto.

(Mtandao unakwaruza. Mtu anakohoa.)

FINTAN: Jiwe lile halibebwi na mtu mmoja.

GOBNAIT: Hakuwa mmoja.

FINTAN: Nani alimsai—

GOBNAIT: Uliza lingine, kaka.

FINTAN: Ndiyo maana Mossie hakujibu barua ya wakili wangu ya kudai kipande hicho.

GOBNAIT: Angejibu nini? Angeandika nini kwenye karatasi ya mahakama, isomwe mbele ya parokia nzima? Miaka hamsini na zaidi hajalima kipande hicho. Hata ng'ombe hajawahi kumruhusu aingie. Anakuja kupalilia magugu kwa mkono, mzee wa magoti mabovu, na watu wanamcheka, ona mwizi anavyokitunza alichoiba.

FINTAN: Na mimi nilicheka.

GOBNAIT: Wewe ulicheka kwa sauti kuliko wote.

FINTAN: Na kwa nini baba hakuwaacha tu wewe na Mossie mkaoa—

GOBNAIT: Sisi wa ndani ya mawe ya jiji, wao wa nje, watu wa kaunti; kwake hao hawaoani. Ulimjua baba. Alihamisha mpaka siku moja tu maishani mwake, na alikuwa amechelewa. Fintan, anamwaga masalia ya chai. Anafunga chupa.

FINTAN: Mwambie—

GOBNAIT: Nimwambie nini? Nikisema neno, kesho liko kila mlango kuanzia hapa hadi mtoni! Mnafanyaje nyinyi? Kwenye mashine. Mkikuta kitu ardhini?

FINTAN: Usiniulize.

GOBNAIT: Mnafanyaje, kaka?

FINTAN: Bosi hapendi kazi isimame.

GOBNAIT: Fintan!

FINTAN: Unageuza kijiko cha mashine. Unamwaga upande mwingine, unafunika, unaendelea. Mara mbili. Mara mbili niligeuza kijiko na sikushuka kuangalia. Nilijiambia ni mifupa ya mbwa.

GOBNAIT: Yesu na Maria.

FINTAN: Ndivyo. Sasa sikia. Mpe dereva simu.

GOBNAIT: Sitaki ajue!

FINTAN: Hatajua. Namjua huyo kuliko anavyojijua. Haogopi mizimu, haogopi padri. Kitu kimoja tu kinamtoa jasho: kuchimba shamba la mtu mwingine halafu lawama imwangukie yeye. Mpe.

GOBNAIT: Anapanda kitini! Wewe! Dereva! Ngoja! Simu yako! Ndiyo, yako! Kutoka kwa mwenye shamba!

(Vishindo, upepo, injini karibu sana.)

DEREVA: Naam, mzee? Sema haraka.

FINTAN: Mimi ndiye niliyewauzia hapo. Umeona yule mzee aliyekaa juu ya jiwe?

DEREVA: Nitakosaje kumwona? Kanichafulia asubuhi.

FINTAN: Mpaka ni pale alipokalia. Nyuma yake si kwangu. Hapakuwa kwangu nilipouza.

DEREVA: Ramani yangu inasema—

FINTAN: Ramani niliileta mimi. Nimekosea mimi. Ukipita jiwe hata kwa jino moja la kijiko, umechimba kwa mtu, na mwenyewe yuko mbele yako, na shahidi wake mahakamani nitakuwa mimi.

DEREVA: Mzee, si ulisaini? Watakubana vibaya sana.

FINTAN: Wanibane. Mkono uliosaini ninao hapa, sijaukata.

DEREVA: Mimi nimetumwa tu.

FINTAN: Najua. Nilikuwa natumwa hivyohivyo. Zima, kijana. Mwambie bosi wako anipigie, anitukane mimi, asikutukane wewe.

DEREVA: Mungu atusaidie na wazee wa Limerick. Shika simu yako, mama.

(Injini inakohoa. Inazimika. Upepo tu.)

GOBNAIT: Kaka? Amezima. Ametoa na funguo.

FINTAN: Mwangalie bado.

GOBNAIT: Kashuka. Anapiga simu huko getini. Anatupa mikono. Watakufanyaje, Fintan?

FINTAN: Sijui. Naogopa, nikwambie kweli. Lakini ningeogopa zaidi usiku. Gobnait, mwaka jana nilikuja. Nilipita hapo na wapimaji, nikapigilia vigingi kwa nyundo mimi mwenyewe. Ulisimama pembeni na sinia la mkate. Kwa nini hukusema?

GOBNAIT: Ulikuwa na furaha. Ulisema umemrudishia baba shamba lake.

FINTAN: Nilisema hivyo.

GOBNAIT: Kigingi kimoja kilikuwa karibu sana na mtoto. Ulipoondoka nilikitoa. Mvua ikanyesha mara moja tu, nikawaambia wapimaji ni upepo.

FINTAN: Alikuwa—

GOBNAIT: Wa kike. Simu inalia, kaka, betri.

FINTAN: Mpe Mossie.

GOBNAIT: Hasikii sikio moja.

FINTAN: Basi mpe kwa lile linalosikia. Haraka.

GOBNAIT: Mossie. Chukua. Ni kwako. Chukua tu, haitakuuma.

MOSSIE: Haloo? Ni nani?

FINTAN: Ni— ni mimi. Fintan. Wa huku Coventry.

MOSSIE: Sema kwa nguvu!

FINTAN: Jiwe, Mossie! Nasema jiwe liko mahali pake!

MOSSIE: Najua liko. Upande mzito nilibeba mimi.

FINTAN: Mossie, ndugu yangu, ile barua, nilikuita—

MOSSIE: Haloo?

FINTAN: Nilikuita mwizi! Nisikie, nataka—

MOSSIE: Gobnait, kitu hiki kimekuwa cheusi.

FINTAN: Mossie? Haloo? Gobnait? Haloo?